Elizabeti wa Nani?

Jembe la baba mkwe wangu liligonga bomba la maji Jumapili ya tarehe 11 Septemba 2022, saa tano kasorobo asubuhi, na mpaka leo hajatokea mtu wa kukiri kwamba ndiye aliyesema, "Hapo hapo, chimba." Mume wangu anasema ni baba yake mwenyewe. Baba yake anasema ni mama yangu, aliyeng'ang'ania mti ukae mbali na kamba za nguo. Mama anasema wakati huo alikuwa jikoni anakuna nazi, na shahidi wake ni ile mbuzi aliyoikalia.

Mimi nilikuwa chumbani na mtoto wa siku tatu. Nilisikia kishindo, kisha kimya, kisha mlio kama wa chatu aliyekanyagwa, kisha watoto wa majirani wakishangilia.

Lakini bomba lilikuja mwisho. Kwanza lilikuja jina. Na msidhani tuligombana kwa kukataliana majina. Jina tulikubaliana wote siku ile ile aliyozaliwa, bila vikao wala vishawishi. Elizabeti. Tulipokosana ni kwenye kujua ni Elizabeti yupi.

Tunaishi Naalya, Kampala, nyumba za kupanga, familia sita uwanja mmoja. Mume wangu ni Mtooro wa Fort Portal. Mimi ni Mbondei wa Muheza, Tanga. Mama yangu alifika wiki mbili kabla sijajifungua, kwa basi, akavuka mpaka pale Mutukula na kapu lenye nazi kumi, ng'onda, kanga doti tatu na mbuzi ya kukunia, maana hakuamini kama Uganda wana mbuzi zaidi ya wale wanaolia. Mtoto alipozaliwa, Alhamisi ya tarehe 8 saa kumi jioni, alimtazama kwa muda, akamfunika sikio lililokuwa wazi, akasema, "Elizabeti." Basi. Hakuuliza mtu.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Elizabeti. Alibatizwa Magila, kwenye misheni ile ya zamani ya Waanglikana karibu na Muheza, na kijiji kizima kilimwita Bibi Eliza. Alikuwa mtu wa kufagia uwanja kabla hajamsalimu mtu yeyote. Ukimwamkia kabla hajamaliza, alikuonyesha ufagio tu. Amezikwa na wajukuu kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake, na mama amelibeba deni hilo miaka yote kama mtu anayebeba chungu kilichojaa.

Mume wangu akakubali upesi mno. Akapiga simu Fort Portal, na kabla hajamaliza sentensi nilisikia vigelegele vya mama mkwe vikipasua spika ya simu. "Bagaaya wetu! Bagaaya wetu karudi!"

Nikamwangalia mume wangu. Naye akaangalia dirishani.

Kwa mama mkwe, Elizabeth duniani ni mmoja: Binti Mfalme Elizabeth Bagaaya wa Tooro, aliyezaliwa mwaka 1936, binti wa Mfalme Rukidi wa Tatu. Mama mkwe anaweza kukusimulia maisha yake kutoka kufuma mkeka mpaka kuumaliza. Alisoma Gayaza, akasoma sheria Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili katika mahakama za Uingereza. Mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa, na binti mfalme asiye na ufalme akageuka mwanamitindo. Picha zake zikatoka Vogue na Harper's Bazaar. Mama mkwe hutamka "Voogu" kwa heshima ile ile anayotamkia Zaburi. Mwaka 1974 Idi Amin akamfanya waziri wa mambo ya nje, na kabla mwaka haujaisha akamfukuza kwa kashfa ambayo nyumbani kwa mama mkwe haitamkwi. Mwaka uliofuata akatoroka kupitia Kenya. Mwaka 1986 alirudi kuiwakilisha Uganda akiwa balozi Marekani, na Oyo aliporithi kiti cha Tooro mwaka 1995, mtoto wa miaka mitatu anayechezea vikaragosi juu ya kiti cha enzi, shangazi huyu alikuwa miongoni mwa waliomzunguka.

Sasa mjukuu angeitwa kama yeye. Nilikuwa nimechoka, nikaona potelea mbali. Jina lina nafasi, watakaa wawili.

Saa tatu usiku simu ikaita tena. Safari hii alikuwa baba mkwe, na sauti ilikuwa nzito.

"Umesikia?"

"Nini, Baba?"

"Malkia amekufa. Redio imetangaza sasa hivi." Akavuta pumzi. "Na mimi mjukuu wangu kazaliwa leo. Elizabeth kaondoka, Elizabeth kaingia. Mungu hana mchezo."

Mzee huyu ameendesha gari miaka ishirini na zaidi katika hifadhi ya Queen Elizabeth, kule Kasese, kwa watalii na kwa wakubwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954, Malkia alipokuja Uganda kufungua bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, ikapewa jina lake. Kabaka Mutesa wakati huo alikuwa uhamishoni London, Waingereza walikuwa wamemfukuza miezi michache nyuma, kwa hiyo Waganda wengi hawakuwa na hamu ya kupunga bendera. Lakini hilo mzee huliruka. Anachopenda kusimulia ni ramani. Hifadhi hiyo imelala kati ya maziwa mawili, Edward na George, yanayounganishwa na mfereji wa Kazinga wenye viboko wengi kuliko nzi. George ni babu yake Malkia, Edward ni baba wa huyo babu. "Unaona?" husema, akichora kwa kidole mezani. "Hapa babu. Hapa baba wa babu. Na mtoto wao amelala katikati, anakunywa maji ya wote wawili." Akishafika hapo huongeza Ziwa Albert na Ziwa Victoria, na chai inapoa wakati ukoo wa wenyewe unapangwa juu ya kitambaa changu cha meza.

Mama yangu alisikia mazungumzo yote, maana mume wangu simu yake huiweka sauti ya nje kama redio ya kijiweni. Alisubiri ikakatwa.

"Malkia gani tena?" akauliza. "Mtoto huyu ni wa Magila."

Wakwe walifika Jumamosi jioni, kilomita mia tatu hivi kutoka Fort Portal, na mawifi watatu nyuma yao. Hapa msomaji wa pwani atanielewa bila maelezo. Wifi mmoja ni mtihani. Watatu ni baraza la mitihani. Walishusha unga wa ulezi, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, na mche wa parachichi kwenye kopo la rangi, ambao mzee alikuwa ameupakata njia nzima asikubali uwekwe chini ya kiti.

Salamu zilikuwa nzuri. Mama mkwe anajua Kiswahili, alijifunza mwaka 1979 wanajeshi wa Tanzania walipofika kwao wakimfukuza Amin, wale ambao Waganda huwaita "bakombozi". Matokeo yake anaongea Kiswahili cha kijeshi. Alimkumbatia mama yangu akasema, "Ndugu! Habari ya safari! Kaa chini!" na mama akakaa kweli.

Ugomvi ulianza juu ya sufuria ya ndizi. Mama mkwe alisema, kwa utamu, kwamba Mtooro mwenzie Bagaaya angefurahi kusikia. Mama akasema, kwa utamu zaidi, kwamba marehemu mama yake angefurahi zaidi. Mzee akakohoa akasema dunia nzima wiki hii inamlilia Elizabeth mmoja tu, washeni televisheni. Wifi mdogo akauliza kama si yule Lulu wa Bongo Muvi, maana Lulu naye kwa jina lake halisi ni Elizabeth. Akapuuzwa na pande zote.

Mama ndiye aliyeleta Biblia. Alifungua Luka, sura ya kwanza, akaweka kidole. Elisabeti mwenyewe, mke wa Zakaria, alipomzaa mtoto wa uzeeni, ndugu na majirani walijazana nyumbani siku ya nane wakataka mtoto aitwe Zakaria kama babaye. Mama mtu akasema hapana, ataitwa Yohana. Wakamwambia hakuna mtu katika ukoo wenu mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, ambaye alikuwa bubu miezi yote hiyo, akaomba kibao akaandika: Yohana.

"Mnaona?" mama akasema. "Mwenye jina hili ndiye wa kwanza kusumbuliwa na mawifi."

Macho yote yakamgeukia mume wangu. Mume wangu, Zakaria wa Naalya, alikuwa hajatamka neno tangu wageni waingie. Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika nyuma kwa kalamu, akaiweka mezani. ELIZABETH.

"Na hiyo 'th' ya mwisho ya nini?" mama akauliza. "Biblia yangu imeandika 'ti'."

"Ndivyo anavyoandika Bagaaya," akasema mama mkwe.

"Ndivyo anavyoandika Malkia," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza jioni ile mtu na mkewe wakawa upande mmoja.

Mama hakushindwa. Alikuwa na akiba. Kaka yake ni mchungaji, na kutoka kwake anajua kwamba jina lenyewe ni la Kiebrania, Elisheba, na kwamba wa kwanza kulibeba katika Maandiko ni mke wa Haruni, kwenye kitabu cha Kutoka. "Eli" ni Mungu wangu. "Sheba" ni kiapo. Lakini neno hilo hilo ni saba pia, na saba yetu tuliyoipata kwa Waarabu ni ndugu yake wa damu. Ndiyo sababu Ibrahimu alipogombania kisima na Abimeleki aliapa kwa kondoo saba, na mahali pakaitwa Beer-sheba, kisima cha saba, kisima cha kiapo, chagua mwenyewe. "Kwa hiyo hapa katikati," mama akasema akigonga bahasha pale kwenye ZAB, "pana saba. Na huyu kwangu ni mjukuu wa saba."

Kukawa kimya. Nakiri hata mimi nilishtuka. Mama mkwe akahesabu wajukuu wake kwa vidole, akafika kumi na nne, akasema, "Saba mara mbili," na tukaenda kulala hali ngumu.

Asubuhi ndiyo ikawa siku yenyewe. Kwa Watooro mtoto wa kike hutolewa siku ya tatu apewe empaako, jina la mapenzi na heshima ambalo utaitwa nalo maisha yako yote na kila anayekupenda au anayetaka kukukopa. Yako 12 tu kwa watu wote, Akiiki, Amooti, Atwooki, Abwooli na mengine, na Okaali ni la mfalme. Mimi nilipewa langu siku ya harusi, Adyeeri, na katika miaka hii nimejifunza kwamba mume wangu akiniita kwa jina la ubatizo, jambo limeharibika. Akisema "Adyeeri" kwa sauti ya chini, analiomba lisiharibike. UNESCO mwaka 2013 iliiweka desturi hii kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ningewashauri waje waanze kuulinda kwa mawifi zangu, maana wao wameushika kwa mikono miwili.

Kazi ya mashangazi ni kumchunguza mtoto wamwone amefanana na nani, na hapo ndipo jina hutokea. Wifi mkubwa alivaa miwani. Alimlaza mtoto mapajani, akamfungua kanga, akaanza juu kwenda chini kama mtu anayekagua gari la kununua kwa dalali. Paji la uso: la babu. Masikio: ya babu. Pua wakaijadili kwa Kitooro kwa muda mrefu, na nilipouliza wamesema nini nikaambiwa, "Itanyooka." Vidole vya miguu vikawa vyangu, kwa kauli moja, na hakuna aliyeonekana kuvifurahia.

Mama mkwe alikuwa akisubiri "Akiiki", empaako ya Bagaaya, apate jozi kamili. Alishaanza hata kumwimbia mtoto nalo. Lakini wifi mkubwa alivua miwani, mtoto akapiga mwayo mrefu wenye ulimi, akajikunja, akalala.

"Abwooli," akasema.

Abwooli, wenyewe husema, lina uhusiano na paka. Mama mkwe akafungua mdomo, akaufunga. Neno la shangazi halirudiwi. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni na mwiko, alijitahidi kuficha meno.

Ulezi ukaliwa, nyama ya moshi ikaliwa, na mama akachomekea wali wa nazi usiokuwa kwenye desturi ya mtu yeyote pale lakini ukaisha wa kwanza. Ikabaki mti. Mtoto hupandiwa mti kwa heshima yake, na Fort Portal hilo ni jambo jepesi, ardhi ipo. Naalya tuna ukanda wa nyasi wenye upana wa mlango, kati ya kamba za nguo na ukuta. Mzee alivua koti, akatema mate mikononi, akauliza achimbe wapi, na mtu ambaye hajulikani akajibu.

Pigo la tatu ndilo lililopata bomba. Maji yalipanda juu ya ukuta. Mzee alisimama pale pale, jembe mkononi, analowa, akiitazama chemchemi yake kwa uso wa mtu aliyemwona kiboko akitoka sebuleni. Mama yangu akatoka jikoni na mbuzi yake, akaona, akainua mikono.

"Beer-sheba!"

Koki ya kufungia iko kwenye kijisanduku cha saruji getini, nacho kina kufuli, na ufunguo anao mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba alikuwa kanisani Mukono, simu imezimwa kama inavyotakiwa. Maji yakaenda saa mbili. Majirani walitoka na majerikeni yote waliyokuwa nayo, ya njano, foleni ikapangika yenyewe. Fundi cherehani wa mlango wa nne, Mkongomani, akajaza tisa, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Goma kwamba maji ni baraka ya mtoto, nisilie. Wavulana walifungua duka la kuosha boda boda papo hapo. Godoro la wifi mdogo, lililokuwa sakafuni, lilikutwa limeelea mpaka kwenye friji. Mume wangu alizama magotini akijaribu kuziba tundu kwa kanga ya mama, ile mpya, na kutoka dirishani nilimsikia mama akisema jambo ambalo katika Biblia yake halimo.

Ufunguo ulipofika maji yakakoma na hesabu ikaanza. Mwenye nyumba hakuja mwenyewe. Alituma fundi bomba, na ujumbe kwamba shilingi 185,000 zitumwe kwake kwa simu kabla jua halijatua, yeye ndiye atakayemlipa fundi. Sisi sote tunamwita Nnalongo, yaani mama wa mapacha. Hapa Buganda ukizaa mapacha jina lako la zamani linawekwa kabatini. Hata mumeo anakuita hivyo. Miaka minne tumepanga kwake, sikuwahi kujiuliza kama ana jina jingine.

Mume wangu akabonyeza namba, akabonyeza kiasi. Simu ya Kampala kabla haijala fedha yako hukuonyesha jina la anayepokea, uhakikishe. Akasimama na simu mkononi. Halafu akaniletea chumbani bila kusema neno, Zakaria kabisa, akaniwekea mbele ya macho.

ELIZABETH, na jina la ukoo baada yake. Utuma? Ndiyo. Hapana.

Saa kumi na moja Nnalongo alifika, bado amevaa gomesi la kanisani, la zambarau, mkanda umefungwa kama mtu aliyejiandaa kwa kesi. Alikagua shimo. Alikagua ukuta wenye alama ya maji. Aliutazama mche wa parachichi, ambao mzee alikuwa ameurudisha kwenye kopo na kuuficha nyuma ya miguu yake. Akatoa daftari dogo kwenye mkoba, na nikajua tutasikia habari za rangi, za nyasi, na za bili ya maji yote yale yaliyokwenda Naalya nzima.

Mama yangu akasogea mbele, akakunja goti kidogo kama anavyowaona Waganda wakifanya.

"Karibu ndani, Elizabeti."

Kalamu ikasimama. "Nani kakwambia jina hilo?"

"Simu," akasema mume wangu kwa woga.

Nnalongo akaketi kwenye kiti cha plastiki, katikati ya uwanja uliolowa. "Mapacha wangu wana miaka ishirini na tisa," akasema. "Tangu hapo hakuna anayeniita Erisabeesi. Mama yangu ndiye alikuwa wa mwisho." Alilitamka kwa "r", kama Luganda inavyotaka, maana kwao "l" ikitanguliwa na "e" hugeuka "r", upende usipende. Kwa hiyo sasa tulikuwa na "ti", na "th", na hili la tatu.

Mtoto akalia. Wifi mkubwa akamtoa nje, akampa mgeni ampakate, na Nnalongo akamfunua uso kwa kidole kimoja.

"Naye anaitwa nani?"

"Elizabeti," tukasema, karibu wote kwa pamoja.

Akainua kichwa. "Wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Mama mkwe alitazama mawinguni, alikomwona Bagaaya. Mama yangu alitazama chini, kwenye matope, na najua alikuwa Magila. Mzee alitazama daftari lililokuwa wazi kwenye goti la gomesi, akalisoma juu chini kwa muda, akakohoa.

"Wako," akasema. "Tumempa jina lako, Nnalongo."

Mama mkwe alimgeukia mumewe kwa mshangao, kisha naye akaliona daftari. "Lako," akasema. "Ndugu! Lako kabisa."

Nnalongo hakusema kitu. Alifunga daftari, akafuta pua ya somo wake kwa ncha ya mkanda wa gomesi, akamwambia mume wangu zile shilingi asitume zote, nusu itatosha, na mti upandwe kule nyuma ya tangi ambako hapapiti bomba, atawaonyesha mwenyewe.

Mama yangu akaniinamia sikioni.

"Mkumbushe na kodi ya Oktoba."